Kuondoa Fanksheni Zilizohifadhiwa Katika Hifadhidata

Fanksheni iliyohifadhiwa ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya hifadhidata yenyewe, bega kwa bega na majedwali ya data. Ina jina, hupokea thamani, hupiga hesabu au huchungulia majedwali, kisha hurudisha jibu. Chama cha akiba na mikopo, kwa mfano, kinaweza kuwa na fanksheni iitwayo riba: unaipa kiasi cha mkopo na idadi ya miezi, nayo inakupa riba anayodaiwa mwanachama. Kanuni ya hesabu huandikwa mara moja tu, na kuanzia hapo dirisha la keshia, programu ya simu na ripoti ya mwisho wa mwezi zote huita fanksheni hiyo hiyo.

Ubora huo ndio unaoleta tabu siku fanksheni inapotakiwa kuondoka. Amri yenyewe ni fupi, DROP FUNCTION ikifuatwa na jina. Kazi ni kujua nani bado anaiita, kwa kuwa hakuna hifadhidata inayoweka orodha kamili ya waitaji. Kila mfumo huona sehemu yake, na sehemu hiyo hutofautiana sana kati ya PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server.

Tofauti hizo zina historia. Edgar F. Codd wa IBM alipotoa nadharia ya hifadhidata ya uhusiano mwaka 1970, alizungumzia majedwali na namna ya kuyauliza. Programu za kuhifadhiwa humo hazikuwa hoja yake. Zilikuja baadaye, kila mtengenezaji kwa njia yake. Mradi wa POSTGRES, ulioanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, ulikusudia tangu mwanzo kumruhusu mtumiaji aongeze aina zake za data na fanksheni zake. Oracle ilileta programu zilizohifadhiwa za lugha ya PL/SQL katika toleo la 7, mwaka 1992. Kiwango cha kimataifa, SQL/PSM, kilitoka mwaka 1996, wakati watengenezaji wengi walikuwa wameshajenga kwao. MySQL ilichelewa hadi toleo la 5.0, mwaka 2005. SQLite, iliyomo ndani ya karibu kila simu, haina fanksheni zilizohifadhiwa hata leo. Humo fanksheni husajiliwa na programu kila inapofungua faili.

Fanksheni ipi hasa?

Katika PostgreSQL jina peke yake halitambulishi fanksheni. Mfumo huo unaruhusu fanksheni nyingi zenye jina moja, mradi aina za vigezo vyake zitofautiane. Kwa hiyo utambulisho kamili ni skima (kikundi cha majina ndani ya hifadhidata), jina na aina za vigezo vya kuingiza. Mtu huandika:

DROP FUNCTION mikopo.riba(numeric, integer);

Aina ya jibu linalorudishwa haihesabiki, na majina ya vigezo hayana uzito. Tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, mabano yanaweza kuachwa kama jina hilo linabebwa na fanksheni moja tu, na amri moja inaweza kuondoa fanksheni kadhaa kwa mpigo. Zikiwa mbili au zaidi, PostgreSQL hukataa na kusema kwamba jina si la kipekee. Ni heri kuandika mabano daima. Hati iliyojaribiwa leo katika hifadhidata yenye riba moja itagoma kesho mwenzako akiongeza ya pili, na itagoma usiku wa kuweka toleo jipya, saa ambayo hakuna anayetaka kusoma makosa.

Skima nayo isiachwe. Ukiandika jina bila skima, PostgreSQL hupita katika orodha ya njia ya utafutaji, search_path, na kuchukua ya kwanza inayolingana. Katika hifadhidata ambamo kila tawi lina skima yake yenye fanksheni za majina yale yale, hapo ndipo mtu anafuta ya Arusha akidhani yuko Mwanza.

Mwenye haki ya kufuta ni mmiliki wa fanksheni, mmiliki wa skima, au msimamizi mkuu wa mfumo. Fanksheni iliyoletwa na kiendelezi haiguswi hata na msimamizi mkuu kwa amri hii. PostGIS, kiendelezi cha ramani ambacho DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, hukitegemea, huleta mamia ya fanksheni. Ukijaribu kufuta mojawapo, jibu ni kwamba kiendelezi kinaihitaji, na kama unataka, ondoa kiendelezi chenyewe. Zile za kujumlisha, kama wastani uliojitungia, zina amri yao, DROP AGGREGATE. Taratibu zisizorudisha jibu, zilizoingia PostgreSQL katika toleo la 11 mwaka 2018, hufutwa kwa DROP PROCEDURE. Anayetaka neno moja la kufaa zote hutumia DROP ROUTINE.

Maneno IF EXISTS hugeuza kosa la "haipo" kuwa taarifa tu. Yanafaa katika hati inayorudiwa mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba ukikosea aina moja ya kigezo, PostgreSQL itakuambia kwa upole kwamba fanksheni haipo, hati itaendelea, na fanksheni uliyokusudia kuiondoa itabaki palepale.

Wategemezi wanaoonekana

PostgreSQL ina katalogi iitwayo pg_depend, inayoandika nani anamtegemea nani. Triga, yaani kichocheo kinachojiendesha jedwali linapobadilishwa, imo humo ikiita fanksheni. Vivyo hivyo mwonekano, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina na kutumiwa kama jedwali. Faharasa iliyojengwa juu ya jibu la fanksheni. Sharti la CHECK. Thamani chaguomsingi ya safu. Na sera ya usalama inayoamua mtumiaji gani aone mistari ipi. Fanksheni yenye mtegemezi kama huyo haifutiki kwa amri ya kawaida. Mfumo hutoa kosa lenye msimbo 2BP01, hutaja wategemezi, na mwishoni hutoa dokezo: tumia CASCADE ukitaka kuwafuta na wao.

Dokezo hilo limewaponza wengi. Kosa linamsimamisha mtu, na mstari unaofuata unamwonyesha neno la kuongeza ili apite. Kwa kawaida neno hilo halifuti data ya majedwali, na hapo ndipo wengi hujifariji. Lakini linafuta mwonekano mzima, na mionekano iliyojengwa juu yake. Linafuta faharasa, na swali lililokuwa likijibiwa papo hapo linaanza kusoma jedwali lote. Linafuta sharti, na kuanzia dakika hiyo jedwali linapokea thamani ambazo jana lingezikataa.

Mbaya zaidi ni triga. Chukua fanksheni kagua_malipo, inayoandika katika daftari la ukaguzi kila badiliko la jedwali la malipo. Ukiifuta kwa CASCADE, triga inaondoka nayo. Malipo yanaendelea kuingia, keshia haoni tofauti, hakuna kosa linalotokea popote. Kinachokoma ni daftari la ukaguzi, na mkaguzi ndiye atakayeligundua, pengine baada ya miezi. Sera ya usalama ina tabia ya kinyume: ikifutwa huku ulinzi wa mistari ukiwa umewashwa na hakuna sera nyingine, mtumiaji wa kawaida haoni mstari hata mmoja. Hilo angalau hujulikana asubuhi ile ile, kwa simu.

CASCADE hutaja ilichofuta, lakini orodha ina kikomo. Taarifa inayofika kwa mteja hubeba vitu visivyozidi 100. Vingine huonekana katika kumbukumbu za seva, kama seva imewekwa kuandika taarifa za kiwango hicho. Namna ya kuisoma orodha bila kuumia ni kuanzisha muamala kwa BEGIN, kutoa amri, kusoma taarifa, kisha kuandika ROLLBACK. PostgreSQL hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa kuwa kwake hata amri za kubadilisha muundo zimo ndani ya muamala. Tahadhari ni moja: kufuta triga hufunga jedwali lake kabisa mpaka muamala uishe, kwa hiyo jaribio hilo lifanywe katika nakala ya hifadhidata, au kwa haraka sana. Si la kuachwa wazi ukaenda kunywa chai.

Wasioonekana

Mwili wa fanksheni iliyoandikwa kwa PL/pgSQL, lugha ya programu ya PostgreSQL, huhifadhiwa kama maandishi matupu. Kama fanksheni taarifa_ya_mkopo inaita riba ndani ya mwili wake, pg_depend haina habari. DROP FUNCTION itapita bila CASCADE, bila onyo, na taarifa_ya_mkopo itaanguka siku itakapoitwa. Toleo la 14, la mwaka 2021, lilileta mwili wa kiwango cha SQL, unaoanza na BEGIN ATOMIC, ambao huchambuliwa wakati wa kuundwa na utegemezi wake kuandikwa. Ni hatua nzuri, ila inahusu fanksheni za lugha ya SQL peke yake.

Nje ya hifadhidata giza ni zito zaidi. Programu ya simu inayotuma swali, hati ya usiku inayoendeshwa na cron, jedwali la Excel la mhasibu lililounganishwa na seva: vyote hivi huita fanksheni kwa jina, na hifadhidata huvijua pale tu vinapopiga hodi.

Lipo jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nami naliona la hatari kuliko yote. Kufuta fanksheni kunaweza kubadilisha majibu bila kutoa kosa lolote. Tuseme kuna riba mbili: moja inapokea numeric, aina ya namba inayotunza desimali kwa usahihi, nyingine inapokea double precision, namba ya kukadiria. Mtu wa zamani aliandika hii ya pili kwa ajili ya grafu. Unaifuta ya kwanza, ukiamini kwamba kama kuna anayeihitaji atapiga kelele. Hapigi. PostgreSQL inajua kugeuza numeric kuwa double precision yenyewe, kwa hiyo wito wa programu unaangukia kwenye fanksheni iliyobaki. Jibu linarudi, lakini limepita katika hesabu ambamo 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hutoa 0.30000000000000004. Fanksheni mbili zenye jina moja zinaweza pia kuwa na kanuni tofauti kabisa za riba. Njia ya utafutaji ina mtego wa aina hii hii: ukifuta fanksheni ya skima ya tawi, ile ya skima public yenye jina na vigezo vile vile inashika nafasi yake kimya kimya.

Mwonekano na triga hazinaswi hapo, kwa kuwa hushikilia fanksheni kwa namba yake ya ndani, si kwa jina. Wanaonaswa ni wale wanaoita kwa maandishi. Basi kabla ya kufuta, swali "nani anaiita?" liambatane na "itakapoondoka, wito wake utaangukia wapi?" Kuorodhesha kila fanksheni yenye jina hilo katika skima zote, kutoka pg_proc, katalogi ya fanksheni, ni kazi ya dakika moja.

Mifumo mingine

MySQL haina majina ya kurudiwa ndani ya hifadhidata moja, hivyo DROP FUNCTION hupokea jina tupu bila mabano. Mtumiaji anahitaji idhini ya ALTER ROUTINE. Hakuna RESTRICT (kukataa kukiwa na mtegemezi) wala CASCADE, kwa sababu hakuna ukaguzi wa wategemezi. Mwonekano ulioitumia fanksheni hubaki umesimama, na atakayeusoma atapata kosa 1356, linalosema mwonekano unarejelea jedwali, safu au fanksheni isiyo halali. Kinachopunguza madhara ni kwamba MySQL hairuhusu fanksheni zilizohifadhiwa ndani ya safu za kukokotolewa wala masharti ya CHECK, kwa hiyo wa kuumia ni mionekano, triga, kazi za ratiba na fanksheni nyingine. Amri hufunga muamala papo hapo, hakuna ROLLBACK. Tena MySQL haina amri ya kuunda fanksheni kwa kuibadilisha iliyopo, na ALTER FUNCTION haigusi mwili. Anayetaka kurekebisha mstari mmoja lazima afute kisha aunde upya, na kati ya amri hizo mbili kila anayeita hupata kosa 1305, fanksheni haipo. MariaDB, iliyotokana na MySQL, imeliondoa pengo hilo kwa CREATE OR REPLACE.

Oracle ina falsafa yake. Huruhusu kufuta, kisha huwatia wategemezi alama ya INVALID. Mtegemezi hujaribiwa kutafsiriwa upya atakapoitwa. Fanksheni ikiwa imerudishwa, anapona, la sivyo anatoa kosa. Wategemezi huonekana katika USER_DEPENDENCIES, pamoja na fanksheni zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo PostgreSQL kwa kawaida hailioni. Hapo Oracle inastahili sifa. Fanksheni iliyomo ndani ya pakeji haifutwi peke yake. Pakeji huandikwa upya bila hiyo. Muamala hufungwa kabla na baada ya amri, kama MySQL.

SQL Server hukataa kufuta kama fanksheni imetumiwa katika sharti la CHECK, thamani chaguomsingi au safu ya kukokotolewa, au kama anayeitumia aliundwa kwa SCHEMABINDING. Asiyefungwa hivyo huachwa aanguke mwenyewe. Maneno IF EXISTS yaliingia toleo la 2016, na amri hurudi nyuma ndani ya muamala.

Kabla ya kufuta

Wako wanaofuta ili kubadilisha tu. CREATE OR REPLACE ya PostgreSQL hukubali mwili mpya, lakini hukataa aina mpya ya jibu au jina jipya la kigezo cha kuingiza; hapo hakuna njia ila kufuta na kuunda tena. Yafanywe ndani ya muamala mmoja, na idhini zirudishwe kwa mkono. Fanksheni mpya katika PostgreSQL huzaliwa ikiwa wazi kwa kila mtumiaji. Kama ya zamani ilizuiwa isiendeshwe na mtu yeyote isipokuwa mhasibu, mpya haijui habari hiyo mpaka uandike REVOKE na GRANT. Kwa fanksheni inayofanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake, SECURITY DEFINER, kusahau huko ni mlango ulioachwa wazi.

Anayefuta kwa kweli huanza na ushahidi. Mpangilio track_functions, ambao kwa kawaida umezimwa, ukiwashwa huhesabu kila wito, na hesabu husomwa katika pg_stat_user_functions. Fanksheni fupi za SQL ambazo mfumo huzimeza ndani ya swali hazihesabiwi, na sifuri ya wiki mbili haisemi lolote kuhusu ripoti ya mwisho wa mwaka. Maandishi ya miili ya fanksheni nyingine hutafutwa katika safu ya prosrc ya pg_proc. Za BEGIN ATOMIC hazimo humo, lakini hizo tayari zinalindwa na pg_depend. Msimbo wa programu hutafutwa katika Git. Wito unaounganishwa kwa vipande vya maandishi wakati programu inaendeshwa hautapatikana kwa utafutaji wowote.

Kwa waitaji hao waliobaki, dawa ninayoiamini ni kubadilisha jina kwanza. ALTER FUNCTION mikopo.riba(numeric, integer) RENAME TO riba_inaondolewa haimgusi mwonekano wala triga, maana hao wanashika namba ya ndani. Mradi hakuna fanksheni nyingine ya jina hilo ya kupokea wito, humpata kila anayeita kwa jina, yaani wale wale ambao DROP FUNCTION haiwaoni. Akijitokeza, jina hurudishwa kwa sekunde moja, na idhini zote ziko mahali pake. Kuondoa idhini ya EXECUTE hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila haimzuii msimamizi mkuu, na triga iliyokwisha kuundwa huendelea kuendesha fanksheni yake.

Kurudisha

Baada ya COMMIT hakuna kapu la taka. Kinachorudisha fanksheni ni maandishi yake, na PostgreSQL huyatoa kwa pg_get_functiondef kabla haijafutwa. Mmiliki na idhini havimo katika maandishi hayo, viandikwe kando. Nakala rudufu ya pg_dump hubeba fanksheni bila kuombwa. Ya MySQL haibebi: mysqldump huchukua majedwali na triga, lakini fanksheni na taratibu huziacha mpaka iongezewe --routines. Kama unatunza seva ya MySQL, fungua leo hati yako ya nakala rudufu uangalie kama neno hilo limo.